Jinsi ya Kuomba Leseni na Daraja la Kimataifa kwa Mwanariadha Mwenye Ulemavu

Mwanariadha mwenye ulemavu hajiandikishi mwenyewe kwenye mashindano ya kimataifa ya riadha, hata awe na kasi ya kutisha. Anahitaji kwanza leseni ya World Para Athletics, chombo kinachosimamia riadha hizi duniani, na daraja linaloonyesha atashindana na akina nani. Vyote viwili hupitia kamati ya Paralimpiki ya nchi yake. Ukiandika moja kwa moja kwa Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki (IPC) kule Bonn, Ujerumani, utaelekezwa urudi kwa kamati ya kwenu.

Hakikisha kwanza ulemavu wenyewe unakubalika

Riadha ya Paralimpiki inapokea aina 10: udhaifu wa misuli, viungo visivyokunjika au kunyooka sawasawa, kukosa kiungo, tofauti ya urefu wa miguu, kimo kifupi, misuli iliyokakamaa, kukosa uratibu wa mwili, mijongeo isiyozuilika, uoni hafifu au upofu, na ulemavu wa akili. Uziwi haumo. Viziwi wana michezo yao, Deaflympics, na huko kigezo ni kupoteza usikivu wa angalau desibeli 55 katika sikio lenye nafuu.

Kitambulisho cha mtu mwenye ulemavu kinachotolewa na serikali hakisaidii chochote katika hatua hii. Kila aina ina kiwango chake cha chini. Miguu iliyopishana urefu lazima ipishane kwa sentimita 7 au zaidi, tena ikipimwa kwenye mfupa, kutoka nyonga ya mbele hadi kifundo cha ndani, si kwa kukisia unene wa soli ya kiatu. Aliyepoteza vidole vya mkono mmoja tu haingii. Kinachotakiwa ni mkono uliokatika kwenye kifundo cha mkono au juu yake. Wanaume wa daraja la 41 la kimo kifupi hawazidi sentimita 145, wanawake 137, na urefu wa mkono nao hupimwa.

Kwa watu wenye ualbino, ambao ni wengi katika riadha zetu, kinachopimwa ni macho, si ngozi. Jicho lenye nafuu, likiwa na miwani bora kabisa linayoweza kupata, lisione zaidi ya 6/60 (yaani lione kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 60), au upana wa kuona uwe chini ya nyuzi 40. Anayesoma 6/36 akiwa na miwani hapiti, hata kama bila miwani haoni ubao. Mpime akiwa na miwani mapema, kabla hamjatumia nauli.

Kwa kamati ya taifa

Peleka nakala ya pasipoti, picha ndogo ya rangi, matokeo ya mashindano ya nyumbani na maelezo mafupi ya ulemavu. Kamati ndiyo humwingiza mwanariadha kwenye mfumo wa kompyuta wa IPC na kulipia leseni, ambayo hudumu mwaka mmoja wa kalenda. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mtu aliyezoeleka uwanjani kwa jina la utani au jina la baba pekee huishia na rekodi mbili, na matokeo ya msimu mzima hukaa chini ya mtu asiyejulikana. Mwongozaji wa mkimbiaji kipofu, yule mwenye kushika kamba, naye anahitaji leseni yake.

Kwa daktari: hapa ndipo maombi mengi yanapokufa

Fomu ya taarifa za kitabibu hupakuliwa kwenye tovuti ya World Para Athletics. Zipo mbili tofauti, ya ulemavu wa mwili na ya macho, kwa hiyo angalia umechukua ipi. Hujazwa kwa Kiingereza, kwa kuchapwa. Mwandiko wa daktari usiosomeka ni sababu tosha ya fomu kurudishwa.

Kosa kubwa ni daktari kuandika alichokiona badala ya chanzo chake. “Mlemavu wa mguu wa kulia” si utambuzi wa ugonjwa. Kinachotakiwa ni jina la chanzo, kama vile polio, mtindio wa ubongo, mgongo wazi, au kuumia uti wa mgongo kwa ajali pamoja na mfupa ulioumia, na mwaka tatizo lilipoanza. Maumivu pekee, au viungo vinavyolegea kupita kiasi, havikubaliki kama ulemavu.

Kisha ushahidi. Aliyekatwa mguu huwa hana shida: picha na eksirei vinajieleza. Mwenye udhaifu wa misuli anahitaji ripoti ya kila msuli kwa alama za 0 hadi 5, na picha ya uti wa mgongo au kipimo cha neva kama kipo. Wenye uoni hafifu ndio wanaokwama zaidi. Ripoti ya macho isizidi miezi 12, na maneno kama “anahesabu vidole kwa mita 1” hayatoshi; wanataka kipimo kwa namba. Kama tatizo ni upana wa kuona, ramani ya kipimo iambatanishwe, ile karatasi yenye duara, si muhtasari wa daktari. Jicho likionekana zima kwa nje lakini halioni, watataka kipimo cha retina au mshipa wa fahamu wa jicho, na hospitali zenye mashine hizo ni chache. Weka miadi mapema.

Ulemavu wa akili una njia yake kupitia Virtus, shirikisho la michezo la watu hao. Zinatakiwa ripoti za mwanasaikolojia, pamoja na IQ isiyozidi 75 na ugumu wa maisha ya kila siku. Hii huchukua miezi, kwa hiyo usiianze msimu ukiwa umeshafunguliwa.

Kuomba nafasi ya kupimwa

Daraja hutolewa kwenye mashindano yaliyotangazwa kuwa na jopo la waainishaji, yaani wataalamu wanaopima na kupanga madaraja. Si kila mashindano yanalo. Kamati huomba nafasi na kupakia fomu kwenye mfumo, kwa kawaida wiki 6 kabla. Nafasi zikijaa zimejaa. Usikate tiketi ya ndege kabla ya kuthibitishiwa nafasi.

Siku ya kupimwa

Jopo lina watu wasiopungua wawili. Beba pasipoti halisi, nguo za mazoezi, na kila kifaa unachoshindania: mguu bandia, kiti cha mbio, kiti cha kurushia tufe au mkuki na mikanda yake, miwani. Aliyeacha mguu wake wa mbio hotelini huandikiwa kwamba uainishaji haukukamilika, na hashindani. Unaruhusiwa mtu mmoja wa kamati na mkalimani mmoja. Mkalimani atafsiri tu. Akianza kumjibia mwanariadha jopo humnyamazisha.

Jitahidi kwa nguvu zako zote. Kuna makocha wanaomwambia kijana ajilegeze ili apewe daraja la chini, la wenye ulemavu mkubwa zaidi. Waainishaji watamwona tena akikimbia uwanjani, kwa sababu wengi huangaliwa kwenye shindano la kwanza kabla daraja halijakamilika. Akikamatwa anafungiwa, na kocha naye yumo.

Kusoma matokeo

Herufi T ni mbio na kuruka, F ni kurusha. Namba 11 hadi 13 ni macho, 20 akili, 31 hadi 38 uratibu wa mwili, 40 na 41 kimo kifupi, 42 hadi 47 miguu na mikono, 51 hadi 57 wanaokaa, 61 hadi 64 wanaotumia miguu bandia. T11 hufunikwa macho na hukimbia na mwongozaji, T12 anachagua, T13 hukimbia peke yake.

Mbele ya daraja kuna hali yake: C ni lililothibitishwa, R litapitiwa tena, na kama kuna mwaka umeandikwa, kamati iuweke kwenye kalenda. Vijana wanaokua na wenye magonjwa yanayobadilika ndio hupewa hiyo R. Usiporidhika, pingamizi huwasilishwa na kamati tu, papo hapo kwenye mashindano na ndani ya muda mfupi uliotangazwa, pamoja na ada.

Anayetumia dawa kama insulini au za shinikizo la damu aangalie orodha ya dawa zilizokatazwa. Ikiwamo, kibali huombwa angalau siku 30 kabla ya mashindano.