Somo: Je, Msaada wa Maafa Uliwafikia Waathirika? Namna ya Kukagua

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara, Tanzania, na vijiji jirani. Misaada ikamiminika, na baadaye zikajengwa nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret. Simtuhumu mtu, nautaja mji huo kwa sababu maafa ya namna ile hulazimisha vitu kugawiwa haraka kuliko karatasi zinavyoandikwa. Mkaguzi huja baadaye, na lazima ajue pa kuanzia.

Hatua ya 1: Vigezo. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Omba mihutasari ya vikao vyao. Nani aliamua kwamba kaya hii ni mwathirika na ile siyo? Mpangaji alihesabiwa, au mwenye nyumba peke yake? Bila vigezo huna cha kupimia.

Hatua ya 2: Karatasi. Hati ya kupokelea mali, leja ya ghala, hati ya kutolea, fomu ya mgao. Zilinganishe. Tuseme yalipokelewa magodoro 300 na yakatolewa 280: yale 20 yawepo ghalani, ukayahesabu kwa macho yako.

Hatua ya 3: Fomu ya mgao. Hapa usiharakishe. Tazama saini zilizofanana mwandiko, namba moja ya simu kwenye majina kadhaa, tarehe ya mgao iliyotangulia siku mzigo ulipoingia ghalani. Dole gumba peke yake halithibitishi kitu mpaka umwone mwenye kidole.

Hatua ya 4: Nenda kwenye kaya, kwa njia mbili. Kwanza chagua majina kwenye orodha, uwatafute wenyewe. Wengi huishia hapo, na ndiyo maana ripoti zao hutoka safi. Kisha fanya kinyume: simama palipoharibika, uliza nani waliishi pale, ndipo uwatafute kwenye orodha. Mjane aliyehamia kwa ndugu zake wilaya nyingine hatalalamika kwenye mkutano wa kijiji, maana hayupo. Orodha haiwezi kukuonyesha aliyeachwa nje yake.

Ukihoji, usimtajie mtu kiasi kilichoandikwa. Uliza: "Ulipewa nini? Lini? Nani alikukabidhi?" Na aliyegawa asiwepo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mtendaji wa kijiji amekataa kunionyesha orodha. Mimi ni mwananchi tu, sina cheo.*

Marahaba. Andika barua ya kuomba taarifa kwa mkurugenzi wa halmashauri chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Omba jumla ya kaya na vitu kwa kila kitongoji. Taarifa binafsi za watu zina ulinzi wake kisheria.

*Kwetu wenyeji walikubaliana wenyewe kugawana unga na majirani wasioandikwa. Huo nao ni wizi?*

Hapana, dada. Andika kilichotokea kama kilivyo: kaya iliyoandikwa ilipokea kamili, kisha ikagawa. Ila hakikisha makubaliano yalikuwa ya wenye unga, siyo amri ya kiongozi aliyewapunguzia unga kabla hawajabeba. Na kama wasioandikwa ni wengi, kasoro iko kwenye uandikishaji. Rudi hatua ya 1.

*Nimekuta majina matatu ambayo hakuna anayeyafahamu kijijini. Nipige simu TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa?*

Subiri kidogo. Watu wana jina la shuleni na jina la nyumbani, na ukoo mmoja huandikwa kwa namna tofauti. Mwulize mwenyekiti wa kitongoji, kisha wazee wawili, kila mmoja peke yake. Wasipojulikana bado, piga 113, na uwe na nakala za fomu mkononi.