Kutunga tarbia ya ujana na uzee

Tarbia ni shairi la beti za mishororo minne; kwa kawaida kila mshororo una mizani (silabi) 16: 8 za ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili. Mada ya ujana na uzee imelikalia umbo hili vizuri. Ukwapi mpe kijana, utao mpe mzee, mgongano utokee katikati ya mshororo:

Vidato naliviruka, sasa nahema ngazini,
Na miwa ikakatika, ufizi tupu kinywani,
Sindano ikatungika, leo tundu silioni,
Ujana umeondoka, uzee umo nyumbani.

Anza na vitu, si fikra. Andika vitu kumi ambavyo mwili wa kijana na wa mzee hukutana navyo: ngazi, muwa, sindano, ndoo ya maji. Kitu ni kilekile, mwili ndio uliobadilika. Ukianza na "nguvu" na "udhaifu" utaishia kuhubiri. "Ujana ni moshi" nao umeshaimbwa mno, uache.

Kisha hesabu mizani kwa vidole, ukitamka kwa sauti. Hapa ndipo wengi huteleza. "Mzee" ni tatu (m-ze-e), maana m hiyo ni silabi kamili, lakini "mwili" ni mbili tu (mwi-li). "Nyumbani" ni tatu. Bahati nzuri "ujana" na "uzee" zote ni tatu, kwa hiyo zinabadilishana nafasi bila kuvunja mshororo.

Vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande) vya -ka na -ni ni vyepesi kupatikana, na wepesi huo una mtego. Kituo, yaani mshororo wa mwisho, kikirudiwa kilekile katika beti saba na vina visibadilike, mbali na kituo chenyewe utahitaji maneno 21 ya -ka na 21 ya -ni. Yote ya -ni yakiwa ya mahali (ngazini, kinywani, nyumbani), sikio huchoka kufikia ubeti wa tatu. Changanya na vitenzi, kama "silioni" hapo juu. Vikikushinda, badilisha vina kila ubeti: hiyo ni ukaraguni, bahari (aina ya shairi) halali kabisa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumfanya mzee gofu la kuhurumiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye ubeti wa nne au wa tano, geuza upande: kijana ana mikono ya kupiga kasia, ila mwamba ulio chini ya maji anaujua mzee. Ubeti huo ukikosekana, shairi linabaki kilio cha upande mmoja.