Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhamia Kwenye Gari-Nyumba Marekani: Anwani, Leseni na Bima

Anayejiandaa kuishi mwaka mzima ndani ya gari-nyumba nchini Marekani, yaani lile gari lenye kitanda, jiko na choo ambalo wenyeji huliita RV, anapaswa kwanza kuamua ni jimbo gani litakuwa makazi yake ya kisheria. Jimbo hilo ndilo litakalotoa leseni na kusajili gari, na ndilo ambalo kampuni ya bima itaangalia inapopanga bei. Karatasi zikipingana, tatizo hujitokeza siku ya kudai fidia, wakati kurekebisha hakuwezekani tena.

Wengi huchagua South Dakota, Texas au Florida, kwa kuwa majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato ya mtu binafsi na yana kampuni zilizozoea kuwapokelea barua watu wasio na nyumba ya kudumu. Mji mdogo wa Livingston, Texas, unajulikana kwa huduma hiyo kupitia Escapees, klabu ya watu wa magari-nyumba iliyoanzishwa mwaka 1978. Ili kampuni ikupokelee barua, utajaza fomu ya posta nambari 1583 na kuonyesha vitambulisho. Hata hivyo, anwani ya barua peke yake haikubaliki kila mahali kama uthibitisho wa ukaazi, na masharti hubadilika, hivyo iulize ofisi ya leseni ya jimbo husika kabla hujavunja mkataba wa nyumba unayopanga. Msomaji ambaye si raia, akiwemo mwenye kadi ya kijani, akumbuke pia kwamba kwa kawaida sheria inamtaka kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 baada ya kuhama.

Kuhusu leseni, ile ya kawaida hutosha kwa magari mengi ya aina hii. Soma kibandiko cha kiwandani karibu na mlango wa dereva: kikionyesha uzito wa juu unaozidi pauni 26,000, takriban kilo 11,800, majimbo kadhaa, Texas likiwemo, hudai daraja la juu zaidi la leseni isiyo ya biashara. California hutazama pia urefu, na gari linalozidi futi 40 huhitaji leseni ya daraja B isiyo ya biashara.

Bima ndiyo inayohitaji umakini mkubwa kuliko yote. Hati nyingi za bima ya gari-nyumba zimeandikwa kwa ajili ya mtu wa likizo, mwenye nyumba kwingine, na fomu ya maombi huuliza waziwazi kama utaishi humo muda wote. Kujibu hapana ili kupunguza malipo ni hatari kubwa, kwa sababu kampuni ikigundua udanganyifu inaweza kukataa kulipa au kufuta mkataba. Omba bima ya mkaaji wa kudumu, ambayo hubeba pia dhima, yaani wajibu wa kulipia madhara ya mtu mwingine, inayofanana na ya mwenye nyumba: mgeni akiteleza kwenye ngazi zako ukiwa umeegesha kambini na kuvunjika mkono, bima ya barabarani haikuandaliwa kwa ajali hiyo. Uliza pia kama gari likiteketea utalipwa thamani iliyokubaliwa au bei ya soko baada ya kutoa uchakavu, maana gari-nyumba hushuka thamani haraka na deni la benki linaweza kubaki kubwa kuliko fidia. Mali za ndani nazo zina kikomo chake. Zipige picha, pamoja na namba za kompyuta na vifaa vingine, kisha uhifadhi picha hizo nje ya gari.

Bima ya afya inayonunuliwa kwenye soko la serikali hufungamana na kaunti ya makazi yako. Mipango mingi ina mtandao wa hospitali wa eneo moja, kwa hiyo ukiwa mbali huenda ikagharimia dharura tu. Wenye Medicare ya asili, yaani bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee, wana nafuu, kwani hutibiwa jimbo lolote kwa daktari anayeipokea.

Anayepanga kuvuka kwenda Mexico anunue bima ya dhima kutoka kampuni iliyoidhinishwa huko kabla ya kufika mpakani, kwa kuwa ile ya Marekani haitambuliwi. Kwa Kanada, mwombe wakala wako kadi ya uthibitisho inayotumika nchini humo.