Jinsi ya kupima unachokiongeza wewe katika maji ya Sabaki

Huku kwetu, ukimwomba mtu asifulie mtoni, jibu analo mdomoni: uchafu watoka Nairobi, kipande changu cha sabuni kitaongeza nini? Hakosei kuhusu Nairobi. Mto huu huanza kama Athi, hupokea Mto Nairobi na maji taka yake, hukutana na Mto Tsavo ndani ya mbuga ukawa Galana, na kwetu Malindi hufika ukiwa Sabaki, mwekundu kwa udongo wa njia nzima. Lakini swali lake la sabuni lina jibu. Mimi nalima mchicha na bilingani kando ya mto, na natumia chupa mbili.

Tafuta chupa mbili za plastiki za lita moja, zenye umbo moja na zinazoonyesha ndani. Suuza bila sabuni, kisha andika CHINI kwenye moja na JUU kwenye nyingine. Chota kwanza chini ya shamba lako, maji yanakoelekea, halafu ndipo upande juu yake, yanakotoka. Ukianza juu, tope utakalolitibua litakufuata hadi kwenye chupa ya pili. Chota upande wako wa mto, kwa sababu kinachotoka shambani huambaa na ukingo kwa masafa kabla ya kuchanganyika na mkondo.

Usiingie majini. Mto una viboko na mamba, na hakuna kipimo kinachostahili mguu wa mtu. Funga ndoo kwenye kamba, itupe maji yanapokwenda, usiiache iguse chini. Ukiwa karibu na mlango wa mto, ngoja maji yapwe, maana bahari ikijaa husukuma chumvi ndani na chupa zako hazitakwambia lolote la shamba.

Ziweke kivulini mpaka kesho yake bila kuzigusa. Pima kwa rula tope lililotuama. Chupa ya CHINI ikizidi, udongo huo umetoka kwako, na mara nyingi chanzo ni mfereji wa pampu unaorudisha maji mtoni au matuta yaliyolimwa hadi ukingoni. Kisha mimina maji yaliyo juu ya tope la kila chupa, polepole, kwenye chupa nyingine mbili na uzitikise kwa nguvu sawa. Povu likikaa kwenye maji ya CHINI tu, huenda kuna sabuni iliyotoka kwako.

Rudia kiangazi na rudia baada ya mvua. Mvua huonyesha udongo. Kiangazi huonyesha sabuni, kwa kuwa mto umepungua, pampu zetu zinazidi kuuvuta, na uchafu uleule unabaki ndani ya maji machache. Hili watu hulisahau: kuvuta maji mengi mno nako ni kuchafua.

Mbolea na dawa ya wadudu hutaviona kwa chupa, wala vijidudu. Maji yaliyotuama yakawa meupe bado ni ya kuchemsha. Kwa hiyo mambo haya yafanye bila kusubiri kipimo: bomba la dawa lisuuze mara tatu na maji ya kusuuzia yanyunyizie mimea ileile uliyokuwa ukiitibu, kamwe si mtoni. Beba maji ya kufulia kwa ndoo hadi mbali na ukingo, na yakishatumika yamwage penye migomba.

Kuhusu ukingo, kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 zilitaka angalau mita 6, hadi 30, kutoka pale mafuriko makubwa yalipofika, ziachwe bila kujengwa wala kulimwa. Mita 6 ni matuta machache tu. Mimi nimeyaacha yaote nyasi na matete, na tope kwenye chupa yangu ya CHINI limepungua. Nyasi hizo nazikata kwa mbuzi, kwa hiyo sijapoteza ardhi kama wengi wanavyohofia.

Udongo usiozuiliwa hauishii daraja la Sabaki. Wakati wa kaskazi mkondo wa pwani huupeleka kusini, mbele ya mji, kuelekea matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Wavuvi wa Malindi wanaijua rangi hiyo ya maji.

Ukishapima, andika tarehe kwenye chupa na umpelekee jirani wa juu yako. Chupa yako ya JUU ndiyo CHINI yake.