Biblia ya babu yenye majina ya ukoo

Kama kwenu kuna Biblia ya zamani ambamo wazee waliandika tarehe za kuzaliwa na kubatizwa, ipige picha kabla hujawaza kuikarabati. Kaa karibu na dirisha, zima flashi, jalada liegemee mto, mgongo wa kitabu usije ukapasuka. Usiishie kwenye majina. Piga na ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa. Biblia ya Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili, ilitoka 1952. Basi ukiona humo mtoto wa 1938, wino na mwandiko uleule wa wadogo zake, ujue aliandikwa baadaye, kwa kukumbuka au kunakili. Selotepu hapana kabisa, gundi yake huacha doa la kahawia. Vikaratasi vilivyochomekwa ndani, andika pembeni kwa daftari lako umevikuta ukurasa gani.