Kusoma mguso wa kinoo cha asili unaponoa wembe wa kukunja

Kinoo cha kiwandani kina namba ya ulaini: namba ikipanda, chembe zake huwa ndogo zaidi. Ukianza na 1000, ukaenda 5000, ukamaliza na 8000 au 12000, unajua umetoka wapi na umefika wapi. Kinoo cha asili hakina namba. Muuzaji akikuambia "hiki ni sawa na 12000" anakisia tu, maana jiwe lilelile hukata kwa kasi likiwa na tope juu yake, yaani unga wa jiwe uliochanganyika na maji, na hung'arisha polepole likiwa na maji matupu. Kipimo kinachobaki ni mkono wako: wembe unavyoteleza, unavyonata, unavyotoa sauti. Wapo wanaodhani mambo haya ni ya bahati, au ni karama ya wachache. Mimi nasema ni kazi ya kujifunza kama kazi nyingine, na sehemu kubwa yake inaelezeka.

Kwanza jiwe liwe bapa. Mguso wa jiwe lenye bonde katikati ni mguso wa uongo: wembe utanata mahali pamoja na kuelea pengine, nawe utadhani tatizo ni makali. Chora mistari ya penseli juu ya uso wote, kisha sugua jiwe kwa bamba la almasi, au kwa msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene, mpaka mistari yote ifutike. Chora tena, sugua tena. Pembe za jiwe zizungushe kidogo zisije zikamega makali. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita: jiwe lililotoka kwenye bamba la almasi lina mikwaruzo ya almasi, na kwa muda mkono utakuwa unasikia mikwaruzo hiyo, si jiwe. Lilainishe kwa kipande kidogo cha jiwe la aina yake kabla ya kuanza kulihukumu.

Wembe wenyewe uje ukiwa umeshatengenezwa makali ya msingi, yaani pande mbili zimekutana kwenye mstari mmoja kuanzia kisigino, upande wa mpini, hadi ncha. Ulaze wembe, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Huna haja ya kukisia pembe. Unene wa mgongo na upana wa ubapa vimekwisha kuipanga, mara nyingi ni nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sukuma makali yakitangulia, ukienda kwa mshazari ili urefu wote upite juu ya jiwe. Ukifika mwisho, geuza kwa mgongo, kamwe usigeuze kwa makali. Shika kwa vidole, usikunje ngumi. Uzito wa wembe wenyewe na kidogo tu cha mkono vinatosha. Nyembe zilizochimbwa sana ubavuni ni nyembamba mno karibu na makali. Ukizibana hupinda, jiwe likala nyuma ya makali badala ya makali yenyewe, na kila unachosikia baada ya hapo hakina maana.

Sasa tazama maji. Wembe unapokwenda mbele husukuma wimbi dogo mbele ya makali. Pale makali yanapogusa jiwe sawasawa, maji hayapiti chini. Hupanda juu ya ubapa na kutembea nao. Pale yasipogusa, maji hupenya chini na wimbi huvunjika. Hiki ndicho kipimo cha kwanza ninachomwonyesha anayeanza, kwa sababu macho hujifunza haraka kuliko vidole. Ukiona wimbi limekatika karibu na ncha kila mara, ncha haijaguswa, hata kama katikati kumeshanoleka vizuri.

Baada ya macho, kunata. Hapa ndipo watu hupotea. Wembe unaonata kwenye jiwe lenye maji si lazima uwe mkali. Unanata kwa sababu nyuso mbili zilizo bapa na laini zimebanana na katikati yake kuna utando mwembamba sana wa maji. Kadiri ubavu wa makali unavyonyooka na kung'aa, ndivyo utando unavyokuwa mwembamba na mvuto unavyoongezeka. Kwa hiyo kunata kunakuambia kwamba ubavu wote umelala juu ya jiwe. Hakukuambii kwamba pande mbili zimekutana kwenye makali. Ndiyo maana nasisitiza makali ya msingi yawe tayari kabla. Yakiwa tayari, kunata kunakuwa shahidi wa kuaminika, na yasipokuwa tayari kutakudanganya jioni nzima.

Jiwe ninalolipenda kufundishia ni coticule ya Ubelgiji, inayotoka Ardennes, upande wa Vielsalm. Ni mishipa myembamba ya rangi ya njano iliyopita katikati ya mwamba wa buluu, na mishipa hiyo ina majina yake: La Veinette, La Dressante, La Grise na mengine. Kinachokata ndani yake ni chembe za madini ya ganeti, aina ya spessartine, ngumu kuliko chuma cha wembe. Chembe hizo zina nyuso nyingi na umbo linalokaribia mviringo, hivyo hukwaruza kwa kina kidogo ukilinganisha na ukubwa wake. Hapo ndipo ulaini wa makali ya coticule unapotoka, na ngozi ya shingo huusikia mara moja.

Dondosha maji, chukua kipande kidogo cha coticule, sugua mpaka upate tope jepesi linalofanana na maziwa yaliyozimuliwa. Weka wembe. Utasikia mchanga laini sana chini ya chuma na sauti ya "shhh" inayoendelea bila kukatika. Wembe hauvutwi, unaelea. Baada ya mapigo kadhaa tope linaanza kuwa la kijivu. Hicho ni chuma chako, na ni habari njema. Lakini katika tope hilo makali hayawezi kufika mbali, kwa kuwa yanapotangulia hugongana na chembe zilizo huru na kupoteza ncha yake. Dawa ni kuzimua. Chovya kidole, dondosha tone moja au mawili, piga mapigo ishirini hivi, dondosha tena. Usimwage.

Sikiliza kila hatua. "Shhh" inapungua, mchanga unapungua, na polepole unaanza kusikia jiwe lenyewe likigusa chuma. Ukifika kwenye maji matupu, sauti karibu inapotea na wembe unaanza kushikwa, kwanza karibu na kisigino, kisha kote. Usipohisi mshiko huo, wembe ukabaki unateleza tu bila kusema chochote, basi ulizimua haraka mno na makali yamekwama njiani. Kuongeza mapigo ya maji matupu hakusaidii hapo, kwani coticule isiyo na tope hukata polepole mno. Rudi kwenye tope, hata jepesi, kisha shuka upya bila haraka. Zipo pia coticule ambazo kwa asili yake huteleza hata kazi ikiwa imekamilika, kwa hiyo ukipata jiwe jipya lipe muda ulijue tabia kabla hujalilaumu.

Mawe ya Thuringia, Ujerumani, yale yaliyouzwa zamani kwa lebo ya Escher ya Sonneberg, ni mapole zaidi. Ni mwamba wa sleti, wa rangi kuanzia kijani cha njano hadi buluu iliyoiva. Tope lake ni laini kiasi kwamba mkono hausikii chembe yoyote, na kuzimua kwake kunasamehe sana. Mvuto huja mapema na hukua kwa utaratibu. Ukilipata lililo zima, linunue, machimbo yalishafungwa.

Mawe ya Japani yaliyochimbwa maeneo ya Kyoto, kama Nakayama, Ozuku na Shobudani, yanataka sikio tofauti. Kwa wembe tafuta lililo gumu. Tope hutengenezwa kwa bamba la almasi, kwa kipande cha jiwe la aina hiyohiyo, yaani tomonagura, au kwa mawe madogo ya Mikawa, eneo jingine la Japani, yanayofuatana kwa ulaini: Botan, Tenjo, Mejiro, Koma. Hapa sizimui sana. Naacha tope lifanye kazi mpaka liwe jembamba, na kadiri linavyokaribia kukauka wembe hushikwa kwa nguvu. Mshiko ukiwa mkubwa mpaka mkono unatikisika, ongeza tone la maji. Usishindane nao, kwa sababu wembe unaoruka juu ya jiwe kavu huharibu kwa sekunde moja kazi yote ya nyuma.

Mawe haya ndiyo pia yaliyonifundisha kuheshimu mkwaruzo mdogo. Wakati mwingine utasikia "tik" hafifu, mahali palepale, kila pigo. Simama. Zungusha jiwe, upande wa mbele uwe nyuma, kisha piga tena taratibu. Kama "tik" imehama pamoja na jiwe, basi jiwe lina mshipa mgumu unaokwaruza. Pitisha ukucha hapo, utaukuta. Uchimbe kwa ncha ya sindano mpaka uwe chini kidogo ya uso wa jiwe, au acha kutumia upande huo. Kama "tik" imebaki na sehemu ileile ya wembe, basi makali yana pengo, hata kama macho hayalioni. Chukua lenzi, kisha rudi kwenye kinoo chenye chembe kubwa zaidi mpaka pengo liishe. Hakuna jiwe la kumalizia litakalolifuta.

Arkansas ya Marekani ni kinyume cha yote niliyoyasema. Ni mwamba uitwao novaculite kutoka milima ya Ouachita, karibu yote ni fuwele ndogo sana za kwatzi zilizobanana. Haiachii tope. Hutumika kwa mafuta mepesi au maji yenye sabuni, na kasi yake hutegemea uso wake umesuguliwa kwa kitu cha ukali gani. Ile nyeusi na ile inayopitisha mwanga ndizo za kumalizia wembe. Mkononi ni kimya. Mwanzoni utasikia mkwaruzo mkavu, wa mbali, unaopungua pole pole kwa mapigo mengi, mia na zaidi, halafu hakuna kitu kwa muda mrefu. Watu huacha katika kimya hicho. Endelea. Ishara ya mwisho ni mvuto hafifu wakati wa kuanza pigo, kana kwamba mafuta yamekuwa mazito ghafla. Binafsi sipendekezi lianziwe kujifunza, ila makali yake huvumilia manyoaji mengi.

Ukishamaliza kwenye jiwe lolote, osha wembe, ukaushe, upitishe kwenye kitambaa cha kitani kisha kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, mara hamsini au sitini kwa mkono mwepesi. Ngozi nayo huvuta, na mvuto wake uwe sawa kutoka kisigino hadi ncha. Unywele mmoja ulioshikwa kwa vidole unaweza kukatika ukigusa makali, lakini nywele za watu hutofautiana, kwa hiyo siuamini mtihani huo peke yake. Jaribu shavuni, halafu chini ya kidevu. Ndevu zikivutwa, makali hayajafika mwisho: rudi kwenye tope jepesi. Ndevu zikikatika vizuri lakini ngozi ikawaka, usinoe tena kwa ukali. Rudi kwenye maji safi, mapigo machache, mkono mwepesi kuliko ulivyodhani ni mwepesi.

Jiwe lisuuze, lifute, likaukie kivulini. Coticule hailowekwi, hasa iliyogundishwa kwenye kibao cha buluu, kwa sababu gundi inaweza kuachia. Jiwe la Japani lipakwe vanishi au laka pembeni na chini, maji yasipenye katikati ya matabaka yake na kulipasua.