Kupima feni tulivu za kompyuta ya mezani katika joto la Dar, hatua kwa hatua

Feni yoyote hunyamaza ukiipunguza kasi, na feni yoyote hupoza ukiiacha ikimbie. Kwa hiyo swali la maana ni moja: kelele zikiwa sawa, ni feni ipi inayoiacha prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, na joto dogo zaidi? Mwongozo huu wote unajibu swali hilo, na unalijibu ndani ya kasha lako na chumba chako, si kwenye maabara ya kiwandani.

Kazi yangu ni kuunda na kukarabati kompyuta za studio ndogo za kurekodi hapa Dar es Salaam. Nyingi ziko kwenye vyumba vya kupanga Sinza, Tabata na Kijitonyama, na maikrofoni inakaa hatua moja tu kutoka kwenye kasha. Mwimbaji akianza, pangaboi linazimwa na madirisha yanafungwa. Joto la chumba linapanda muda uleule ambao kompyuta inatakiwa inyamaze. Feni inayofanya vizuri katika hali hiyo itafanya vizuri popote mjini.

Usitegemee namba za kwenye boksi pekee. Watengenezaji wa feni Noctua wanaiandikia feni yao ya NF-A12x25 mizunguko 2000 kwa dakika na desibeli 22.6, na siwashuku hata kidogo. Lakini vipimo vya namna hiyo hufanyika kwenye chumba maalumu kisichopenya sauti, feni ikiwa peke yake, bila chujio la vumbi mbele yake wala bati linalotetema. Chumba cha kulala kilichotulia vizuri kiko karibu desibeli 30, na nyumbani kwako kuna chujio, kuna bati, na kuna joto la Februari.

Hatua ya 1: Hakikisha feni inaingia

Pima matundu ya skrubu kabla ya kununua. Feni ya milimita 120 ina milimita 105 kutoka tundu moja hadi lingine. Kisha angalia plagi. Kwenye feni ya pini 3, waya mmoja ni hasi, wa pili unaleta volti 12, wa tatu unarudisha hesabu ya mizunguko, na kasi hupunguzwa kwa kupunguza volti. Feni ya pini 4 ina waya wa ziada wa amri. Volti 12 zinabaki palepale, na madabodi (bodi kuu ya kompyuta) hutuma mapigo 25,000 kwa sekunde ambayo upana wake ndio unaoamua kasi. Ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka, uchague PWM (mapigo) kwa pini 4 au DC (volti) kwa pini 3. Ukichanganya, feni ya pini 3 itakimbia kwa nguvu zote muda wote na utaidhania ni mbovu.

Kompyuta za mtumba zina jambo lake. Dell OptiPlex nyingi zina plagi ya pini 5 ambayo feni ya kawaida haiingii bila waya wa kubadilishia, na mashine isipopata hesabu ya mizunguko husimama wakati wa kuwaka na kutoa onyo la feni. Tafuta huo waya kwanza, feni baadaye.

Hatua ya 2: Ishike ikiwa inazunguka

Kariakoo kupima kabla ya kulipa ni jambo la kawaida, basi tumia nafasi hiyo. "Kaka, naomba uniwashie kwenye volti 12 niishike kidogo." Sauti usiihukumu pale, kelele za Mtaa wa Aggrey mchana hazitakuruhusu. Hukumu beringi, kwa vidole.

Shika fremu kwa vidole viwili. Feni nzuri unaihisi ikivuma kwa upole na kwa usawa. Ukihisi mtetemo unaokwenda na kurudi, mapanga hayana mizani. Sasa igeuze: itazame juu, itazame chini, ilale ubavu. Sauti au mtetemo ukibadilika sana kati ya mikao hiyo, mhimili una nafasi ndani ya beringi. Halafu ikate umeme uitazame inavyosimama. Inatakiwa ipunguze kasi taratibu. Kushtukashtuka kidogo mwishoni ni sumaku tu, si kasoro, ila ikikwama ghafla irudishe.

Uliza pia aina ya beringi. Ya bushi ni bei rahisi na huanza ikiwa kimya kabisa, lakini haipendi joto wala kulazwa, kwa hiyo usiiweke juu ya kasha ikitazama dari. Ya gololi huvumilia joto miaka mingi, ila ina mkwaruzo mdogo tangu siku ya kwanza. Ya mafuta yenye mgandamizo ndiyo ninayochagua kwa studio pale mfuko unaporuhusu.

Hatua ya 3: Tafuta kasi ya chini kabisa

Kwenye Windows tumia programu ya bure iitwayo Fan Control. Kwenye Linux, pwmconfig itakufanyia karibu kila kitu. Shusha amri asilimia 5 kila mara, subiri kidogo, shusha tena, mpaka feni isimame. Kisha panda polepole mpaka iamke yenyewe. Andika namba zote mbili, maana ya kuamkia huwa juu kuliko ya kusimamia. Kikomo chako cha chini kiwe juu kidogo ya ile ya kuamkia, la sivyo siku moja feni itasimama na haitaondoka tena bila msaada. Kipande chembamba cha tishu mbele ya mapanga kitakuonyesha kama kweli kuna upepo katika kasi hiyo au ni mzunguko mtupu.

Hatua ya 4: Sawazisha kelele

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi wanaporuka.

Pima usiku, kati ya saa saba na saa kumi, kabla ya adhana ya alfajiri. Mchana kuna bodaboda, jenereta ya jirani, muziki wa baa. Zima pangaboi, AC na friji ikiwa iko chumba kimoja. Zima na stabilaiza kama mashine inaweza kukaa bila hiyo kwa muda mfupi.

Weka simu yenye programu ya kupima sauti sentimita 30 kutoka kwenye feni, pembeni kidogo, upepo usiipige maikrofoni. Ukisogea kutoka mita 1 hadi sentimita 30, sauti inaongezeka kama desibeli 10, na hiyo ndiyo inayokusaidia kuisikia feni juu ya kelele za chumba. Kwanza chukua kipimo feni ikiwa imezimwa. Halafu washa. Kama namba haijapanda angalau desibeli 10 juu ya kipimo cha chumba kitupu, unachopima ni chumba, si feni. Ongeza kasi au subiri usiku mwingine. Namba ya simu yenyewe si desibeli halisi. Hilo si tatizo ikiwa simu ni ileile, mahali ni palepale na usiku ni uleule, kwa sababu unachotafuta ni ulinganifu.

Sasa chagua kiwango kimoja, tuseme simu isome 42. Funga feni ya kwanza, panda na kushuka mpaka upate 42, andika mizunguko yake. Funga ya pili, fanya vilevile. Utashangaa: moja itafika hapo kwa mizunguko 1100, nyingine kwa 1350. Hizo ndizo kasi utakazozitumia kwenye kipimo cha joto. Kulinganisha feni mbili kwa mizunguko sawa ni kuidhulumu ile yenye mapanga yaliyotulia.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia sana. Kasi ikipungua nusu, upepo nao unapungua nusu, lakini kelele zinashuka kama desibeli 15. Kutoka mizunguko 1200 hadi 1000 unapoteza upepo kama asilimia 17 na unapata karibu desibeli 4 za ukimya. Ukiongeza feni nyingine inayofanana nayo, kelele zinapanda desibeli 3 tu. Ndiyo maana feni mbili za 1000 hazizidi kelele za moja ya 1200, na zinasukuma hewa nyingi zaidi. Mteja akiwa na nafasi mbele ya kasha, mimi huweka mbili bila kusita.

Baada ya namba, tumia masikio. Mvumo mpana unaofanana na upepo hausumbui rekodi sana. Mluzi wenye sauti moja unasumbua hata ukiwa mdogo. Programu ya Spectroid kwenye Android inachora sauti kwa masafa yake. Zidisha mizunguko kwa idadi ya mapanga, gawa kwa 60: feni ya mapanga 7 kwa mizunguko 1200 itaonyesha mwinuko kwenye hezi 140. Ukiona mwinuko wa hezi 100 usiosogea hata ubadilishe kasi, hiyo si feni. Ni transfoma inayovuma kwa umeme wetu wa hezi 50, mara nyingi stabilaiza au UPS, na hakuna feni utakayonunua itakayoiondoa.

Hatua ya 5: Pima joto kwa kasi hizo

Funga kasha na chujio la vumbi likiwa mahali pake. Feni inayosukuma hewa vizuri ikiwa wazi inaweza kuishiwa nguvu nyuma ya chujio au mbele ya mapezi ya kupozea, na Dar huwezi kuishi bila chujio.

Weka kipimajoto cha chumba pale hewa inapoingilia kwenye kasha, si ukutani. Fungua HWiNFO, programu inayosoma joto na wati, kisha ibebeshe prosesa mzigo kwa programu ya Prime95, au stress-ng kwa wa Linux. Subiri mpaka joto likae dakika kama tano bila kupanda. Mara nyingi ni nusu saa. Umeme ukikatika katikati, anza upya, usiunganishe vipande.

Toa joto la chumba kwenye joto la prosesa. Tofauti hiyo ndiyo matokeo. Mfano: feni ya kwanza chumba kina digrii 29 na prosesa 70, tofauti 41. Ya pili chumba kimefika 32 na prosesa iko 70 vilevile, tofauti 38. Kioo kinaonyesha 70 kwa zote, lakini ya pili ni bora waziwazi. Tofauti ya digrii moja naiacha, kwa sababu kipimo chenyewe kinaweza kuyumba kiasi hicho.

Angalia kitu kimoja zaidi: wati. Prosesa za siku hizi zikipata ubaridi huongeza kasi na kula umeme zaidi, kisha joto linarudi palepale. Feni nzuri itaonekana haijafanya kitu. Ingia BIOS ufunge kikomo cha wati, kwa mfano 65, na uhakikishe HWiNFO inaonyesha wati zilezile kwa kila feni. Usifungue wala kubadilisha pesti ya prosesa (ile ya kupitisha joto) kati ya kipimo kimoja na kingine.

Hatua ya 6: Sikiliza kasha

Panda kutoka kasi ya chini hadi ya juu, mizunguko 50 kila hatua. Mahali fulani kasha litaanza kunguruma. Bonyeza bati kwa kiganja, ngurumo ikikoma umempata mhusika. Weka vipande vya soli ya kandambili chini ya miguu ya kasha, na mpira mwembamba kati ya feni na bati. Ikibaki, iruke kasi hiyo kabisa kwenye mpangilio. Feni mbili zinazokaribiana kasi bila kulingana hutoa mvumo unaopanda na kushuka. Ziendeshe kwa amri moja, na bado ukisikia hivyo, zitenganishe kwa mizunguko 100 au zaidi.

Kupanga kasi za kazi

Chukua tofauti uliyopata uijumlishe na joto la chumba la Februari, si la Julai. Tofauti ya 38 kwenye chumba cha digrii 34 ni 72, na prosesa nyingi hazina shida hapo. Kwa studio, nyoosha mstari wa kasi, yaani mpangilio unaoamua feni ikimbie vipi kwa kila joto: feni ikae kwenye mzunguko mmoja mpaka digrii 65, kisha ipande polepole kwa kuchelewa sekunde kadhaa. Maikrofoni hustahimili mvumo usiobadilika. Feni inayopanda na kushuka katikati ya ubeti haitengenezeki hata kwenye kuchanganya sauti.

Vumbi likijaa, rudia hatua ya 5 peke yake. Ukipuliza kwa bloa, zuia mapanga kwa kidole, maana hewa hiyo huzungusha feni kwa kasi kuliko ilivyoundwa na kuumiza beringi uliyoichagua kwa uangalifu. Chujio lioshe kwa maji na sabuni, likauke kabisa kivulini, ndipo ulirudishe.